Mbwa au paka wako akifa Dar: jinsi ya kumpata mchomaji wa kuaminika

Kopo nililoletewa lilikuwa la maziwa ya unga, limezungushiwa selotepu mdomoni. Nililipeleka kwa Mangi, duka la kona mtaani kwetu Tabata, nikamwomba anipimie kilichomo. Akauliza kama ni magadi. Nikamwambia ni mbwa wangu, Simba, amechomwa jana. Mangi akanyamaza, akaifuta sahani ya mizani kwa kitambaa safi, akapima polepole. Kilo 2 na robo, bila kopo.

Simba alikuwa na kilo 18. Nina uhakika, kwa sababu daktari alimpima wiki ileile ili ajue kiasi cha dawa. Mbwa wa kilo 18 hatoi majivu ya kilo 2 na robo. Hafikishi hata kilo 1. Nilipoyamwaga juu ya gazeti nikakuta vipande vya mkaa, msumari na kizibo cha soda. Mpaka leo sijui mwili wa Simba ulikwenda wapi, na hilo linaniuma kuliko hela niliyotoa.

Nakuandikia wewe ambaye mnyama wako bado anahema, au amekufa alfajiri ya leo na umeshika simu hujui umpigie nani. Kazi ya kuchoma miili mteja haioni. Unakabidhi mwili, mlango unafungwa, halafu unaletewa unga. Kwa hiyo upole wa sauti ya mtu na uzuri wa chungu anachokuonyesha usivitie maanani sana. Angalia kama kuna alama unayoweza kuifuata, kuanzia pale mwili unapotoka mkononi mwako hadi majivu yanapokurudia.

1. Uliza angali hai

Kama mbwa wako ni mzee, au daktari ameshakudokeza kwamba hali si nzuri, anza kuuliza wiki hii. Mtu aliyefiwa hana nguvu ya kuhoji, hata kama aliyemfia ni paka. Anakubali lolote ili jambo liishe. Mimi nilikubaliana na yule mtu kwenye simu, dakika tano tu, huku nalia.

Anzia kwa daktari wa wanyama anayemtibu. Usimuulize kama anamfahamu mchomaji. Muulize hivi: "Daktari, wateja wako wakifiwa na mbwa, miili inakwenda wapi?" Swali hilo linamfanya aeleze njia nzima. Akikujibu kwamba kuna kijana huwa anapita kuchukua, endelea: kijana huyo anapeleka wapi, na wewe daktari umeshawahi kufika huko? Hakikisha vilevile kwamba daktari mwenyewe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, lililopo kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mwombe cheti chake kwa adabu. Aliyesajiliwa haoni ubaya kukuonyesha.

Katika kutafuta utakutana na watu wa aina tatu. Wa kwanza ana tanuri lake. Wa pili anapokea miili na kuipeleka kwa mwenye tanuri. Wa tatu ni dalali mwenye simu na pikipiki. Huyu wa pili anaweza kuwa mwaminifu kabisa, ila asikuchukulie mwili kabla hajakutajia tanuri lilipo na wewe hujaongea na mwenye nalo. Huyo wa tatu achana naye hata kama bei yake ni nusu ya wenzake.

Jambo moja dogo, kwa kuwa nimesikia watu wakilishauri: usiende kuomba nafasi kwenye mahali pa kuchomea maiti pa Wahindu. Pale ni pa watu na pa ibada, na kuwapelekea mbwa ni kuwakosea heshima.

2. Saa za kwanza baada ya kifo

Joto la Dar halikupi muda. Mwezi wa pili, chumba kisicho na feni, tumbo la mnyama huanza kujaa hewa siku hiyohiyo. Vaa glovu za duka la dawa. Mlaze ubavuni, mkunje miguu kama alivyokuwa akilala, kabla mwili haujakakamaa. Baada ya saa chache hutaweza kuikunja, na mbwa mkubwa aliyekakamaa amenyooka ni taabu kumpakia hata kwenye bajaji. Tandika taulo kuukuu chini ya makalio na mdomo, maana maji ya mwili hutoka. Mweke kwenye sakafu ya vigae au ya saruji, mahali pasipopigwa na jua.

Kisha barafu. Zile barafu za mifuko wanazouza majirani zinafaa sana. Zifunge kwenye kitambaa, uziegemeze tumboni, kwa sababu uharibifu huanzia tumboni, na uzibadilishe zikiyeyuka. Mfunike kwa kanga au shuka la pamba. Nailoni iwe ya nje tu wakati wa kumsafirisha, na mkanda wa shingoni uuvue ubaki nao. Ukifanya hivi una nafasi ya kuuliza maswali mpaka jioni bila mtu kukuharakisha. Kama kliniki ina friza ya kuhifadhia miili, uliza wanaandikaje majina, kwa sababu friza ndipo miili inapochanganywa kwa urahisi kuliko mahali pengine popote. Mfuko wa mnyama wako uwe na jina lake, jina lako, namba yako ya simu na tarehe, vimeandikwa kwa kalamu isiyofutika maji.

Usiwape vijana wa mkokoteni wa taka. Wengi wao ni watu wa kazi zao, lakini mwili utaishia dampo Pugu au kwenye mtaro, na mvua ya kwanza ya masika itautoa huko.

3. Kama kuna shaka ya kichaa cha mbwa, usichome kwanza

Hapa nakuomba usome taratibu. Mbwa au paka aliyekuwa anatokwa mate mengi, taya limelegea, sauti imebadilika, anang'ata vitu ovyo au anazurura asitambue watu, huenda alikuwa na kichaa. Hata aliyeonekana mzima, kama alimng'ata mtu siku chache kabla ya kufa, mhesabu kama wa shaka.

Ugonjwa huo huthibitishwa kwa kupima ubongo. Ukimchoma, ushahidi umeteketea, na yule mtoto wa jirani aliyeng'atwa atabaki bila jibu. Mpigie ofisa mifugo wa kata yako kabla ya kumpigia mchomaji. Wakala ya Maabara ya Veterinari ipo hapahapa Dar, Temeke, na ofisa mifugo atakuelekeza namna sampuli inavyochukuliwa. Wewe usijaribu kukata wala kugusa mdomo wa mnyama. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe pale pale kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri majibu ya maabara. Dalili zikishamtokea binadamu, kifo ni karibu hakika.

Mchomaji mzuri atakuuliza mwenyewe: amekufa kwa nini, amechanjwa lini, amemng'ata mtu? Asiyeuliza chochote hawalindi hata vijana wake mwenyewe.

4. Anachomwa peke yake au na wengine?

Hili ni swali moja linaloweza kukuokoa na mengi. Kuna namna tatu. Anaweza kuchomwa peke yake, tanuri zima kwa ajili yake. Anaweza kuchomwa pamoja na wengine, kila mmoja kwenye sehemu yake iliyotenganishwa. Hapo majivu huchanganyika kidogo, hakuna namna ya kuzuia. Au wanachomwa kwa pamoja bila kutenganishwa, na hapo hakuna majivu ya kumrudishia mtu yeyote.

Hakuna kati ya hizo iliyo dhambi. Jirani yangu alichagua ya pamoja kwa paka wake, akalipa kidogo, akaambiwa kweli kwamba hatarudishiwa kitu, na roho yake imetulia. Udanganyifu ni kuuziwa ya kwanza ukapewa ya tatu. Kwa hiyo mwambie mchomaji akueleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya, na neno "peke yake" liandikwe kwenye risiti.

Uliza pia tanuri hilo huchoma nini siku nyingine. Kama ni kichomea taka cha zahanati au hospitali, mnyama wako anaweza kuingia pamoja na sindano, glovu na bandeji. Kwa mtu anayetaka tu mwili uteketezwe kwa usalama, hilo linatosha. Kwa anayetaka majivu, halifai.

5. Nenda ukalione tanuri

Funga safari, hata kama ni Kigamboni na wewe unakaa Mbezi. Nusu saa pale itakufundisha kuliko simu ishirini.

Tanuri la kweli lina kuta za matofali ya kuhimili moto, lina kichomeo cha dizeli au gesi na lina kipimo cha joto kinachosomeka. Kazi hii huhitaji nyuzi joto zipatazo 760 hadi 980 za Selsiasi, tena kwa muda mrefu. Paka huchukua kama saa moja. Mbwa mkubwa saa mbili au zaidi, na baada ya hapo tanuri lazima lipoe ndipo majivu yatolewe. Anayekuambia atakuletea majivu ya mbwa wa kilo 30 ndani ya saa moja, pamoja na kukatiza foleni ya Ubungo, hajamchoma.

Tazama moshi. Tanuri zuri lina chumba cha pili kinachochoma moshi wenyewe kabla haujatoka, ndiyo maana juu ya bomba huoni kitu zaidi ya hewa inayotetemeka. Moshi mweusi mzito unaoshuka kwa majirani ni dalili ya joto dogo. Na ukikuta pipa lililokatwa, kuni na tairi kuukuu, geuka urudi nyumbani. Moshi wa tairi ni sumu kwa kila anayeishi pale, na moto wa namna ile hauchomi sawasawa. Unaacha mifupa meusi iliyochanganyika na mkaa. Nadhani Simba, kama kweli alichomwa, alichomwa hivyo.

Baada ya moto kinachobaki ni mifupa iliyo meupe na myepesi kuvunjika, ambayo husagwa kwa mashine. Omba kuiona mashine hiyo na umuulize huisafishaje kati ya mnyama mmoja na mwingine. Jibu zuri ni fupi, na atakuonyesha brashi. Kabla ya kusaga vyuma huondolewa, kwa sumaku na kwa mkono, kwa hiyo kama mbwa wako aliwahi kufungwa chuma mguuni alipovunjika, sema mapema na unaweza kurudishiwa.

Makaratasi yasikusahaulishe tanuri, lakini yaulizie: leseni ya biashara kutoka halmashauri na kibali cha mazingira. Masuala ya mazingira yako chini ya NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Piga picha ya hizo karatasi akikubali.

6. Kibati chenye namba

Kama utachukua jambo moja tu kwenye mwongozo huu, chukua hili. Wachomaji makini hufunga kibati cha chuma chenye namba kwenye mwili, kibati hicho huingia tanurini pamoja na mnyama, na hutoka pamoja na majivu. Namba hiyohiyo inaandikwa kwenye risiti yako. Kwa njia hiyo hakuna haja ya kumwamini mtu kwa kumtazama usoni.

Kama mchomaji hana utaratibu huo, tengeneza chako. Nenda Gerezani, Kariakoo, mwombe fundi akukatie kipande cha stenlesi ukubwa wa sarafu, agonge kwa nyundo na patasi jina la mnyama na alama ambayo ni wewe tu unaijua, atoboe tundu. Kiwe stenlesi, usikubali alumini hata kidogo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo itaisha kabla kazi haijakolea, na utadhani umeibiwa kumbe ni kibati. Kifunge mguuni kwa waya wa stenlesi, mbele ya mchomaji, upige picha.

Mtazame anavyopokea jambo hilo. Nilipompeleka paka wetu Pili, mwaka uliofuata, kwa mtu mwingine kabisa, nilitoa kibati mfukoni nikiwa na wasiwasi kwamba atakasirika. Akakishika, akakigeuza, akaniambia, "Dada, hiki kitatoka cheusi, usishtuke." Hapo ndipo nilipomwamini.

Omba pia kuwepo mwili unapoingizwa. Si lazima ubaki mpaka mwisho, na watu wengi hawawezi. Akikataa kwa sababu ya usalama, mwombe akupigie kwa video kwenye WhatsApp mwili unapoingia. Akikataa vyote, kuona na kuonyeshwa, tafuta mwingine.

7. Bei

Bei nyingi hupangwa kwa kilo, kwa hiyo mpime mnyama wako kliniki mapema. Uliza kama usafiri, kusaga na chombo vimo ndani ya bei. Lipa nusu unapokabidhi na nusu unapopokea majivu na kibati. Lipa kwa njia inayoacha alama, kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara au la mwenye tanuri, na udai risiti, yenye uzito wa mnyama, tarehe, namba ya kibati na neno lile, "peke yake". Ukitajiwa bei ya chini sana, jiulize mwenyewe: dizeli ya kuchoma saa mbili inanunuliwa na nani?

8. Majivu yakirudi

Usifungue mlangoni mbele ya bodaboda. Subiri utulie. Kisha pima.

Majivu huwa kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa mnyama alipokuwa hai. Paka wa kilo 4 hutoa gramu 120 hadi 160, yaani chini ya kikombe cha chai. Mbwa wa kilo 18 kama Simba angetoa gramu 540 hadi 720. Wa kilo 30 hukaribia au kuzidi kidogo kilo 1. Mnyama mnene hutoa pungufu, kwa sababu mafuta hayaachi kitu, na mwenye mifupa mikubwa hutoa zaidi, kwa hiyo usigombane kwa gramu hamsini. Lakini mara tatu au nne ya hesabu hiyo haina maelezo. Kitoto cha paka au ndege huenda asitoe kitu cha kushikika, na mchomaji mkweli atakuonya kabla.

Kisha sugua kidogo kati ya vidole. Majivu ya mifupa ni meupe au kijivu hafifu, yana uzito na yanakwaruza kama mchanga wa ufukweni. Majivu ya jikoni ni laini, yanapeperuka ukiyapulizia, na yakilowa huteleza kama sabuni. Pitisha sumaku ya spika ya redio mbovu juu yake. Tafuta mkaa. Linganisha kibati na picha uliyopiga.

Pili alirudi kwenye kopo dogo la kioo. Nilienda tena kwa Mangi. Gramu 140. Kibati kilikuwa cheusi kama alivyosema yule bwana, lakini herufi zilisomeka kwa kidole.

Hesabu ikigoma, mpigie mchomaji siku hiyohiyo, mwambie uzito uliopata na umwache aeleze. Mjulishe daktari aliyekuelekeza kwake, maana yeye ndiye anayeweza kuacha kumpelekea wateja. Kuchukua hela kwa udanganyifu ni kosa la jinai na unaweza kufika polisi, ila utahitaji risiti, picha na ujumbe wa malipo. Mimi sikuwa na hata kimoja. Nilikuwa na kopo la maziwa tu.

9. Ukikosa wa kumwamini, mzike

Ukiuliza kote na hakuna aliyekujibu sawasawa, zika bila kujilaumu. Omba ruhusa ya mwenye nyumba. Chimba mpaka juu ya mwili kubaki na udongo wa mita 1, mbali na kisima na shimo la maji, na mfunike kwa kitambaa cha pamba badala ya nailoni. Mikocheni na Msasani wakati wa masika shimo huweza kujaa maji kabla hujafika kiunoni. Hapo omba nafasi kwa ndugu mwenye kiwanja cha juu, Goba au Kimara.

Kama daktari alimpa sindano ya kumpumzisha, kina hicho ni lazima. Dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo, pentobarbitali, hubaki mwilini na kwenye udongo kwa muda mrefu, na mbwa wa mtaani au kunguru atakayefukua na kula anaweza kufa. Muulize daktari ametumia dawa gani kabla hajafunga mkoba wake. Rudishia udongo mpaka nusu ya shimo, weka mawe mazito, kisha malizia udongo na uukanyage vizuri.